Joto Humkuza Mnyoo, Joto Humuua

Mtu anayeletewa mezani sahani ya kambamiti waliokaangwa kwa kitunguu saumu na ndimu ni nadra kuwaza kwamba nyuma ya mlo ule kuna mnyoo. Hasemwi hapa mnyoo wa matumboni anayehofiwa na kina mama, wala nyungunyungu wa bustanini ambaye watoto wa kando ya ziwa humtia katika ndoana. Anayesemwa ni mnyoo wa bahari, mwenye mwili wa pingili nyingi na vijiguu viwili katika kila pingili, kimoja kila ubavu, ambaye hujichimbia shimo katika mchanga na matope ya ufuoni na kuchungulia humo kutafuta riziki yake.

Wavuvi wa nchi nyingi wamemjua tangu zamani kwa kazi moja, nayo ni chambo. Lakini tangu ufugaji wa kambamiti ulipoenea katika Asia na Amerika, amepata kazi ya pili iliyo na thamani kubwa zaidi, yaani kuwalisha kambamiti wazazi. Kwa ajili hiyo amefugwa kama vile wafugwavyo kuku na samaki. Na wale waliojaribu kumfuga wamekuta kwamba faida yao na hasara yao hupita katika mlango mmoja, ambao ni joto la maji.

CHAKULA CHA WAZAZI

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini watu wazima wenye elimu hujisumbua kufuga minyoo. Kambamiti wa biashara huzaliwa katika majumba ya kuangulia, mbali na mabwawa wanamokuzwa. Humo huwekwa wazazi wachache walioteuliwa, madume na majike, katika matangi yenye mwanga hafifu na maji ya nyuzi 28 hivi za Sentigredi. Jike mmoja mkubwa wa kambamiti milia aweza kutoa mayai laki kadhaa kwa mara moja. Mabwawa ya mkoa mzima yaweza kutegemea matangi machache ya namna hiyo.

Tatizo ni kwamba wazazi hao wakilishwa chakula kikavu cha kiwandani peke yake, mara nyingi hukawia kukomaa, au mayai yao huwa haba na dhaifu. Ndiyo sababu waangulizi huwapa vyakula vibichi: ngisi, kome, na zaidi ya vyote minyoo wa bahari. Katika nchi za Amerika wamesifika kwa kazi hiyo minyoo wa damu wa kutoka Panama. Huko Thailand hutumiwa jamii nyingine ambayo wataalamu huiita Perinereis nuntia.

Siri ya mnyoo imo katika mafuta yake. Ndani yake mna asidi za mafuta ambazo mwili wa kambamiti hauwezi kujitengenezea kwa kiasi cha kutosha, mojawapo ikiwa ni asidi ya arakidoni. Hiyo ndiyo ambayo mwilini hugeuzwa kuwa prostaglandini, vitu vinavyosaidia ovari kukomaa na mayai kutoka. Basi mnyoo si shibe tu kwa kambamiti jike. Ni kama ule uji wa mzazi unaotayarishwa nyumbani kwa vitu maalumu, ambao wali mkavu hauwezi kushika mahali pake.

Kwa muda mrefu minyoo hao walichimbwa tu ufuoni. Katika jimbo la Maine huko Marekani, wachimbaji wamekuwa wakiinama matopeni na majembe yao ya meno tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakipakia minyoo katika mwani mbichi na kuwapeleka mbali. Katika Uingereza, mahali paitwapo Budle Bay ndani ya hifadhi ya Lindisfarne, uchimbaji wa chambo uliwagombanisha wachimbaji na walinzi wa ndege wa pwani, kwa kuwa ndege nao huishi kwa minyoo hao hao, na ufuo uliofukuliwa kila siku hauwi tena mahali pa kutua. Hatimaye sheria ikaingia kati. Zaidi ya hayo, mnyoo wa kuokota huja na uchafu wa mahali alikookotwa. Habari hiyo itaelezwa mbele, maana ina uzito wake.

SHAMBA KANDO YA MTAMBO

Ukanda huo huo wa kaskazini mashariki ya Uingereza ndiko kulikozaliwa mojawapo ya mashamba ya kwanza makubwa ya minyoo wa bahari. Katikati ya miaka ya 1980, kampuni iitwayo Seabait ilijenga vitanda vyake vya mchanga mahali paitwapo Lynemouth, katika wilaya ya Northumberland, ikitumia maarifa yaliyokusanywa katika Chuo Kikuu cha Newcastle, ambako Profesa Peter Olive na wenzake walikuwa wamechunguza kwa miaka mingi uzazi wa minyoo hao. Aliyechaguliwa alikuwa mnyoo mkubwa wa Atlantiki ya Kaskazini, Nereis virens, ambaye vitabu vipya humwita Alitta virens. Ana rangi ya kijani inayong'aa kibuluu, taya mbili zenye kuuma, na aweza kupita urefu wa sentimita 40.

Kwa nini Lynemouth? Hapakuwa na uzuri wowote wa ufuo uliowavuta. Palikuwa na kituo cha umeme, kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kulisha kiwanda cha kuyeyushia alumini. Kituo cha namna hiyo huvuta maji ya bahari ili kupoza mitambo, kisha huyarudisha baharini yakiwa na joto zaidi ya yalivyoingia. Joto hilo kwa mwenye mtambo ni takataka. Kwa mfuga minyoo ni mali.

Hesabu yake ni nyepesi na kila mwenye nyumba anayelipa ankara ya umeme ataifahamu. Mbele ya pwani ile, bahari hufikia nyuzi 5 au 6 mwishoni mwa majira ya baridi, na hata wakati wa jua kali haipiti sana nyuzi 14. Ili kupandisha joto la mita moja ya ujazo ya maji ya bahari, yaani ndoo 50 za lita 20, kwa nyuzi 10 tu, huhitajiwa umeme wa uniti 11 hivi. Shamba la minyoo halitumii mita moja ya ujazo. Hutumia maji mengi mchana na usiku, kwa sababu lazima yabadilishwe. Hakuna mnyoo duniani awezaye kulipa gharama hiyo kwa bei yake mwenyewe. Akipewa maji ya bure yaliyokwisha kupashwa moto na jirani, hesabu hubadilika kabisa.

KAMA UNGA WA MAANDAZI

Mnyoo hana moto wake mwilini kama alio nao ng'ombe au binadamu. Joto la damu yake ni joto la maji anamolala. Maji yakiwa baridi, mishipa ya damu na matumbo yake hufanya kazi polepole, hali yake ya kula hupungua, na chakula kinachotupwa kitandani huoza bila kuliwa. Maji yakipata joto, kazi zote hizo huharakishwa. Kanuni ya jumla kwa viumbe wa namna hii ni kwamba kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mwendo wa maisha yao hukaribia kuongezeka maradufu, mradi tu mpaka wao haujavukwa.

Mpika maandazi anaijua kanuni hii pasipo kuisoma. Unga uliotiwa hamira huumuka upesi siku ya joto na hukawia siku ya mvua. Lakini ukiachwa juani kupita kiasi huchacha, na hakuna ustadi wa kuurudisha. Hali kadhalika mnyoo wa Lynemouth. Katika bahari ya wazi huchukua miaka kadhaa kufikia utu uzima. Katika kitanda chenye maji ya uvuguvugu na chakula tele hufikia ukubwa wa kuuzwa kwa miezi. Huyu wa nchi za baridi hupendezwa na maji ya nyuzi 15 hadi 20 hivi. Juu ya hapo ukuaji hauongezeki tena kwa kadiri ya joto, na ukiendelea kupandisha, utaanza kuokota maiti.

Mpaka huo unatokana na mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni kwamba mwili unaoenda mbio hutaka hewa zaidi. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni kwamba maji ya moto hubeba hewa kidogo. Maji ya bahari ya kawaida yakiwa na nyuzi 10 yaweza kushika oksijeni ya miligramu 9 hivi katika kila lita. Yakiwa na nyuzi 20 hushika 7.4. Yakifika nyuzi 30 hushika 6.2 tu. Basi kadiri haja inavyopanda, ndivyo ghala inavyopungua. Mnyoo hujitahidi, hujipindapinda shimoni mwake kama mtu apepeaye kipepeo, akivuta maji mapya yapite juu ya mwili wake. Lakini kupepea nako ni kazi, na kazi hutumia hewa. Inafika saa ambapo nguvu yote anayoipata katika chakula huishia katika kupepea na kujilinda, wala hapana kinachobaki cha kumnenepesha.

Hatari haiji kwa mfugaji kwa ghafla kama radi. Huja usiku, hasa alfajiri, wakati oksijeni ni haba kuliko saa nyingine zote. Dalili ya kwanza ni minyoo kutoka mashimoni na kulala juu ya mchanga, jambo ambalo mnyoo mwenye afya hulifanya kwa uangalifu mkubwa, kwa maana ndege wanamngoja. Dalili ya pili ni mchanga kugeuka mweusi na kutoa harufu ya yai viza. Hapo maana yake ni kwamba chakula kilichobaki na minyoo waliokufa vinaozea chini pasipo hewa, na sumu inayotoka humo itawaua walio hai. Kwa joto kubwa kuoza huko huenda upesi sana. Na ile amonia inayotokana na mikojo na mabaki huwa kali zaidi maji yanapokuwa moto. Mfugaji aliyezoea kitanda cha nyuzi 15 akipuuza kitanda cha nyuzi 22 kwa usiku mmoja, asishangae asubuhi.

AZAAYE MARA MOJA

Liko jambo jingine ambalo kwa wageni ni ajabu zaidi. Mnyoo huyu huzaa mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa. Majike hujaza mayai katika mwili mzima hadi ngozi inakuwa nyembamba, na misuli pamoja na matumbo huyeyuka ili kuyalisha. Madume hugeuka maumbo, vijiguu vikawa kama makasia, nao hutoka mashimoni majira ya kuchipua kwa majani, kwa kufuata mwezi na maji kujaa, wakaogelea makundi kwa makundi. Baada ya hapo ufuo hujaa mizoga.

Kwa hiyo mnyoo anayekaribia kuzaa hana faida kwa mwenye kumuuza kama chambo. Amekuwa mfuko wa mayai, akishikwa hupasuka. Na joto linalomkuza upesi ndilo pia linalomsogeza upesi kwenye umri huo. Mfugaji aliyeshangilia kuona minyoo wake wamenenepa kwa muda mfupi aweza kukuta kwamba sehemu yao wamekwisha kuingia katika uzazi kabla hajawafikisha sokoni. Huo ndio mtego wa kufuga kwa joto: unaharakisha kila kitu pamoja, na kaburi likiwemo.

Wachunguzi wa Ulaya walitambua tangu miaka ya 1950 kwamba ubongo wa minyoo wa jamii hii hutoa homoni inayozuia uzazi. Ubongo ukiondolewa, mnyoo mchanga hukimbilia kukomaa kabla ya wakati wake; na maadamu homoni ipo tele, mnyoo hukua na hata hurudisha pingili za mkia zilizokatika. Ilikuwa mwaka 2016 ndipo watafiti wa Vienna walipoieleza homoni hiyo katika mnyoo mdogo wa maabara, Platynereis dumerilii, ambaye kwa kawaida hufugwa kwa nyuzi 18. Ikaonekana kuwa ni methilifanesoti, kitu kile kile kinachojulikana tangu zamani kuwa homoni ya kambamiti na kaa. Mlaji na mliwaji, kumbe, wana lugha moja mwilini.

Hata hivyo joto peke yake halishiki usukani wote. Huko Newcastle, Kim Last na Olive walionyesha mwaka 1999 kwamba Nereis virens hupima pia urefu wa mchana. Minyoo waliopewa saa 16 za nuru kwa siku walikua kupita wale waliopewa saa 8, ijapokuwa maji yalikuwa sawa. Mchana ukifupika kama ilivyo mwisho wa mwaka katika nchi za kaskazini, mnyoo hupunguza kutoka na kula, kana kwamba anasema baridi inakuja na afadhali kukaa ndani. Mfugaji anayemwaga maji ya uvuguvugu katika giza la Desemba, akidhani amelidanganya jira, amedanganya ngozi tu. Taa nazo zina kazi.

BARIDI NAYO INA KAZI YAKE

Baada ya maneno haya yote juu ya joto, msomaji asidhani kwamba baridi ni adui tu. Minyoo kadhaa ya ufuoni hutumia baridi kama saa ya kupangia uzazi. Mnyoo wa mchanga aitwaye Arenicola marina, mathalan, huzaa maji yanapopoa kuelekea majira ya baridi, na jirani yake Hediste diversicolor hungoja maji yaanze kupata joto tena baada ya baridi kupita. Shamba lisilo na baridi hata kidogo huenda likawa na minyoo wanaozaa ovyo, huyu leo na yule mwezi ujao, na mayai yasiyokutana na mbegu hayana maana. Kwa hiyo mfugaji mwangalifu huwa na kundi la wazazi analoliweka mbali na vitanda vya kunenepeshea, akilipa majira yake kamili.

Baridi pia ni ghala. Minyoo wa chambo husafirishwa katika ubaridi wa nyuzi chache juu ya sifuri, wakiwa wamelala kama waliopigwa usingizi, hawali wala hawaumani. Mwaka 1997 Olive na mwenzake Wang walikwenda mbali zaidi ya hapo: walichapisha habari ya kugandisha viluwiluwi vya Nereis virens vyenye pingili tatu tu katika nitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha vikayeyushwa na kuendelea kuishi. Kwa kiumbe kilichokwisha kuwa na misuli, macho na matumbo, huo haukuwa ushindi mdogo. Maana yake kwa mfugaji ni kwamba aweza kuwa na mbegu wakati wowote wa mwaka, bila kungoja mwezi wa uzazi.

Tena baridi hugusa ubora wa chakula chenyewe. Viumbe wasio na joto lao hubadilisha mafuta ya mwili kwa kadiri ya maji: kwenye baridi huongeza yale mafuta mepesi yasiyoganda, kwenye joto huongeza yale mazito. Kila mama aliyeona mafuta ya nazi yakiganda chupani wakati wa ubaridi, huku ya alizeti yakibaki maji, ameona tofauti yenyewe kwa macho. Na hayo mepesi ndiyo jamii ya mafuta ambayo kambamiti jike anayatafuta. Basi mnyoo aliyenenepeshwa haraka katika maji ya moto aweza kuwa mzito mizanini huku akiwa amepungukiwa na kile anachonunuliwa kwacho, isipokuwa mfugaji afidie kwa kumlisha mafuta ya samaki au chakula kingine chenye mafuta hayo. Uzito ni rahisi kupima. Mafuta hayapimwi sokoni.

NCHI ZENYE JUA

Katika nchi za joto mambo hugeuka. Huko Thailand, au katika Queensland nchini Australia, hakuna haja ya kituo cha umeme. Jua lenyewe limekwisha kufanya kazi. Kituo cha utafiti cha Bribie Island huko Queensland kilionyesha njia ambayo pengine ndiyo ya busara kuliko zote. Paul Palmer alieleza mwaka 2010 jinsi maji machafu ya mabwawa ya kambamiti yalivyopitishwa katika vitanda vya mchanga vyenye minyoo Perinereis. Minyoo hula takataka zile, mchanga haujizibi kwa sababu wao huuchimbachimba, maji hutoka yakiwa safi zaidi, na mwishoni mwa msimu kuna mavuno ya minyoo ambayo hayakulishwa hata kopo moja la chakula cha kununua.

Lakini mnyoo wa nchi za joto huishi karibu na dari la nyumba yake. Yule wa Northumberland akiongezewa nyuzi 5 wakati wa baridi hushukuru. Huyu wa tropiki, ambaye maji yake yamekwisha kufika nyuzi 30, akiongezewa 5 hana pa kukimbilia ila chini zaidi mchangani, na chini huko hewa ni haba. Kwa hiyo kazi ya mfugaji wa kwetu ingekuwa kinyume cha ile ya Mwingereza: kuondoa joto badala ya kulileta. Kivuli cha makuti au wavu juu ya vitanda, maji mengi yanayopita wakati wa jua la utosi, kina kisicho kifupi mno, na kulisha jioni badala ya adhuhuri, hayo ndiyo makaa ya mawe yake.

Wakulima wa mwani wa Unguja wangeyaelewa haya upesi kuliko mtu yeyote. Ule mwani mnene uitwao cottonii, ulioletwa kutoka Ufilipino mwaka 1989, umekuwa ukiwafia katika maji mafupi yanayopata moto kupita kiasi maji yanapokupwa, na watafiti wa huko, akiwemo Daktari Flower Msuya, wamekuwa wakitafuta jinsi ya kuulima katika kina kirefu zaidi. Kwa kina mama wengi wasiojua kuogelea, kina kirefu ni neno la kutisha. Nyuzi mbili tatu za joto, ambazo mtu akizisoma karatasini hazimshtui, kule zimehamisha mashamba.

MOTO NA BARAFU DHIDI YA MARADHI

Ilisemwa hapo juu kwamba mnyoo wa kuokota huja na uchafu wa kwao. Mwaka 2005 watafiti wa India walitangaza kwamba minyoo Marphysa waliokusanywa pwani waliweza kubeba virusi vya ugonjwa wa madoa meupe, na kambamiti wazazi waliolishwa minyoo hao wakaambukizwa. Ugonjwa huo huweza kumaliza bwawa zima kwa siku chache. Kisha kikaja kijidudu kingine, kilichopewa jina mwaka 2009 huko Thailand, ambacho hukaa katika ini la kambamiti na kumdumaza bila kumuua, hata mwenye bwawa akalisha miezi mitatu na kuvua kambamiti wa ukubwa wa kidole cha mtoto. Nacho pia kimekutwa kwa minyoo hai waliolishwa wazazi. Mnyoo mwenyewe haugui. Hubeba tu, kama mtungi ubebavyo maji yasiyochemshwa.

Ukanda wetu wa Bahari ya Hindi hauko nje ya hatari hii. Ugonjwa wa madoa meupe uliingia katika mashamba ya Msumbiji mwaka 2011 na ya Madagaska mwaka 2012, na kila jumba la kuangulia katika eneo hili tangu hapo linapaswa kuulizana kwa makini chakula kibichi cha wazazi kinatoka wapi.

Hapa tena kipimo cha joto ndicho mwamuzi, safari hii kwa mnyoo aliyekufa. Kugandisha minyoo kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku mbili hupunguza sana hatari ya kile kijidudu cha ini, lakini virusi vya madoa meupe havijali barafu. Huweza kukaa humo na kuamka salama. Moto ndio vinaouogopa. Ndiyo maana washauri wa Asia wamependekeza minyoo wapashwe moto wa nyuzi 70 kwa muda wa dakika 10 kabla ya kulishwa. Mwangulizi husita, kwa kuwa kambamiti humpenda mnyoo anayejinyonganyonga kuliko aliyechemshwa, na baadhi ya nguvu ya chakula hupungua motoni. Njia ya tatu ni kumfuga mnyoo tangu yai katika maji yaliyochujwa, asikutane kamwe na kambamiti wala matope ya ufuoni, kisha kumpima na kumthibitisha kuwa hana maradhi. Huko ndiko soko la minyoo wa kufugwa linakoelekea, na hiyo ndiyo bei anayolipiwa kupita mnyoo wa jembe.

BOMBA LA JIRANI

Imebaki habari ya Lynemouth. Kiwanda cha alumini kilifungwa mwaka 2012. Kituo cha umeme kiliendelea kuchoma makaa ya mawe hadi mwisho wa mwaka 2015, kisha kikasimama ili kigeuzwe, na mwaka 2018 kikaanza tena kuzalisha umeme kwa kuchoma tembe za mbao. Mfugaji aliyejenga vitanda vyake pembeni mwa bomba la jirani hana sauti katika mikutano inayoamua mambo ya namna hiyo, iwe ni bei ya alumini au sheria ya moshi. Aweza kuweka mitambo ya kuhifadhi joto, akayarudisha maji yale yale baada ya kuyasafisha badala ya kuyamwaga, au akakubali kufuga polepole na kuuza mara moja kwa mwaka.

Wengine wanatazama vituo vipya vya joto la bure: viwanda vya gesi, mitambo ya kuchoma taka, majumba ya kompyuta yanayopozwa kwa maji. Kila kimoja kina ratiba yake ya kusimama kwa matengenezo, na mnyoo hawezi kuelezwa kwamba mtambo utarudi Jumatatu. Bahari mbele ya Lynemouth, kila Februari, ni ile ile ya nyuzi 5 au 6.